Mkopo wa haki hautafutwi siku ya shida

Pita Mbagala, pita Buguruni, pita Manzese, angalia nguzo za umeme. Katikati ya tangazo la mganga na tangazo la chumba cha kupanga utakuta karatasi imeandikwa MKOPO CHAP, DAKIKA KUMI, KITAMBULISHO TU, chini namba mbili za simu, hakuna jina la ofisi, hakuna namba ya leseni, hakuna kitu. Na namba zinapigwa kweli kila siku. Wanaopiga sio wajinga, na hapo ndo napotaka kuanzia, maana kila ikizuka hadithi ya mama aliyebebewa friji na kochi kwa deni la laki mbili, kiongozi anasimama kwenye maiki anasema wananchi wetu wanahitaji elimu ya fedha. Semina inaandaliwa, watu wanapewa soda na kalamu, wiki ijayo wako kwa yuleyule jamaa.

Mama anayeuza vitumbua anajua hesabu kuliko huyo mtoa semina. Anajua kilo ya mchele inatoa vitumbua vingapi, anajua mafuta yakipanda mia mbili faida inakatika wapi. Ukimuuliza kuhusu ule mkopo wake anakupa hesabu bila kikokotoo: nimechukua laki, nikakatwa elfu kumi ya fomu, nikapewa tisini, narejesha elfu tano kila siku kwa siku 26. Jumla laki na thelathini. Amechukua tisini anarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi mmoja, na anajua.

Hiyo kadi yake ya marejesho ukiishika ni kikaratasi kigumu chenye vijiboksi 26, kila jioni jamaa anapita na pikipiki anachukua buku tano anatia sahihi kwenye kijiboksi kimoja. Hesabu vijiboksi. Kikifika cha 18 ameshalipa elfu tisini, yaani hela yote aliyoshika mkononi imesharudi kwa mwenyewe. Vijiboksi nane vilivyobaki, elfu arobaini, ni vya jamaa. Na usisahau kwamba tangu siku ya kwanza alianza kurudisha, kwahiyo hata hiyo tisini hakukaa nayo mwezi, siku ya 13 alikuwa ameshalipa sitini na tano amebaki na elfu ishirini na tano tu ya jamaa kwenye biashara. Watu wanaipiga hii riba kama asilimia 30 kwa sababu kwenye karatasi ni laki kwa laki na thelathini, lakini ukiangalia hela halisi aliyokaa nayo na siku alizokaa nayo, riba ni mara mbili mpaka tatu ya hapo. Alafu akikosa kulipa siku moja kuna faini, na faini haina kijiboksi.

Sasa kama anajua yote haya kwanini anaenda? Kwa sababu saa tatu asubuhi mtoto anatakiwa kulipiwa hospitali, au mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita leo la sivyo dalali analeta mteja mwingine, na kwenye mji mzima mtu pekee anayeweza kumpa hela kabla ya saa tano ni yule wa kwenye nguzo. Huyo, kausha damu kama mtaa unavyomwita, hauzi hela, anauza haraka. Na haraka ni bidhaa ghali popote pale. Bima ya afya inayofanya kazi kweli ingemnyang'anya wateja wengi kuliko semina zote za elimu ya fedha zilizowahi kufanyika, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kwahiyo swali la "nitapata wapi mkopo wenye riba nafuu hapa mtaani" likiulizwa siku ya shida jibu lake karibu kila mara ni hakuna. Mikopo ya haki ipo, tena ipo mtaani kwako, ila wanaoitoa wote wanataka kitu kimoja ambacho huwezi kukinunua siku ileile, wanataka wawe wanakujua. Kikoba, kile kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana, kinakujua kwa hisa zako za kila wiki, SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, inakujua kwa akiba yako, kijumbe wa upatu, yule anayekusanya michango ya kupokezana kwa zamu, anakujua kwa sababu hujawahi kumkimbia. Hiyo historia ndo dhamana. Asiye na historia dhamana yake inakuwa friji.

Tuweke sheria mezani kidogo maana wengi hawajui kwamba ipo. Tanzania tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kanuni zake zikatoka 2019, na imegawa hawa watu madaraja manne. La kwanza ni mabenki ya huduma ndogo za fedha, wale wanaopokea amana. La pili ni makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, hapa ndo wanaingia wakopeshaji wote wa mtaani wenye ofisi na wasio na ofisi, na hawa leseni zao zinatoka Benki Kuu. La tatu ni SACCOS, zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vyetu vya kijamii, vikoba na ndugu zake, usajili wake unafanyika halmashauri. Orodha ya wenye leseni wa daraja la pili iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, unaingia unatafuta jina, dakika mbili tu. Kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa la jinai, sio "kutokuwa na vibali" tu kama tunavyopenda kusema.

Na kwa hao wa daraja la pili Benki Kuu iliweka ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Nadhani hii ndo namba ambayo ingebandikwa kwenye nguzo za umeme badala ya zile karatasi. Mkopeshaji mwenye leseni anayekuambia asilimia 20 kwa mwezi anavunja masharti ya leseni yake mwenyewe, na Benki Kuu wana dawati la kupokea malalamiko ya wateja.

Lakini usishangilie hiyo 3.5 haraka. Asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue inapigwa kwenye nini. Chukua mkopo mmoja, laki sita, miezi sita, unarudisha laki moja ya mtaji kila mwezi. SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza unalipa riba ya laki sita, wa pili ya laki tano, hivyo hivyo mpaka mwisho, jumla ya riba yote ni 31,500. Kikoba kinachokata asilimia kumi mara moja, 60,000. Kampuni yenye leseni inayotoza 3.5 lakini kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata kama umeshalipa nusu, 126,000. Hiyo hiyo 3.5 ingepigwa kwenye salio linalopungua ingekuwa 73,500, yaani 52,500 inaliwa na namna ya kupiga hesabu tu. Na yule wa asilimia 20 kwa mwezi kwenye mkopo wote, 720,000, riba kubwa kuliko mkopo.

Ndo maana nasema achana na kuuliza riba ni asilimia ngapi. Uliza kwa shilingi. Nikichukua laki sita, mkononi naondoka na shilingi ngapi, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Afisa mikopo mwenye nia njema anakuandikia namba mbili kwenye karatasi. Mwingine anaanza kuzunguka, eti inategemea, kuna ada ya fomu, kuna ada ya uchakataji, kuna bima ya mkopo, kuna akiba ya lazima ambayo utarudishiwa ukimaliza. Hiyo akiba ya lazima wengi hawaihesabu. Wakikopesha laki sita wakashikilia elfu tisini kama akiba, wewe unatumia laki tano na kumi lakini riba unalipa ya laki sita, unalipia hela iliyolala kwenye droo yao.

Sasa kikoba. Mimi ni mtu wa vikoba, sifichi upendeleo wangu, lakini nitavisema pia. Kwa wasiowahi kukaa kwenye kikao, chimbuko la huu mfumo ni Niger, shirika la CARE lilianza huko na vikundi vya wanawake mwaka 1991, baadaye ukasambaa Afrika nzima, huku kwetu ukapata jina na vionjo vyake. Jumapili saa tisa watu 25 au 30 wanakaa kwenye ua wa mtu, viti vya plastiki, aliyechelewa faini mia tano na hakuna kujitetea eti foleni. Sanduku la chuma linaletwa, lina kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Hela zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mtu ananunua hisa, labda moja elfu tano na mwisho hisa tano kwa kikao, anatoa buku ya mfuko wa jamii, wenye mikopo wanarejesha, wanaotaka mikopo wanasimama wanasema wanataka ya nini. Unaruhusiwa mara tatu ya hisa zako. Wenzako wanakuuliza maswali ambayo hakuna benki itakuuliza, na wewe mume wako si alistaafu, na lile duka si ulifunga? Inauma kidogo lakini inasaidia, kuna watu nimeona wanapunguziwa mkopo pale pale na ikawa pona yao.

Vingine sasa havina sanduku, hela iko kwenye simu, M-Koba na akaunti za vikundi za benki, akiweka au kutoa mtu meseji inaingia kwa wenzake. Huo ni usalama mkubwa kuliko kufuli tatu, maana hadithi za mweka hazina aliyehama usiku na sanduku zote tunazo.

Kinachovifanya vikoba vionekane vya haki ni kwamba riba hairuki ukuta, mwisho wa mwaka mnavunja mnagawana. Watu wanasema hata riba ikiwa kubwa si inarudi kwetu wenyewe. Hapo taratibu. Inarudi kwa nani? Tuseme mama mwenye duka la jumla ananunua hisa tano kila wiki na hajawahi kukopa hata mara moja, na muuza mchicha ananunua hisa moja na kakopa mara tatu kwa mwaka. Gawio linatoka kwa hisa. Mwaka una wiki 52, muuza mchicha ana hisa 52, mwenye duka ana 260. Kila hisa ikizaa faida ya 800, muuza mchicha anapata 41,600 na mwenye duka 208,000. Faida hiyo imetoka wapi kama sio kwenye riba aliyolipa muuza mchicha na wenzake? Kwahiyo kikoba chenye riba ya asilimia kumi kila mwezi, na vipo vingi tu, kinahamisha hela kutoka kwa wenye shida kwenda kwa wenye nacho, kwa nyimbo na makofi. Nimeona vikundi vinalazimisha kila mwanachama akope ili hela "isilale". Mtu hana shida ya hela, anakopeshwa kwa lazima, anaenda kununua kapeti. Kikundi cha hivyo kimegeuka kuwa kausha damu ya kujitegemea.

Kikoba kizuri unakitambua kwa ubishi wa mwanzo wa mwaka kuhusu riba. Wasiokopa watavuta juu, wanaokopa watavuta chini, na kama waliomo ni wa aina moja, wote wauza mboga au wote walimu wa shule moja, riba inatulia chini maana kila mtu anajua kesho ni zamu yake.

Na mfuko wa jamii jamani tunauchukulia poa. Ile buku ya kila wiki watu wanaona ni ya rambirambi tu, kumbe ndo jibu pekee la haraka ambalo mtaa umewahi kulitengeneza bila riba. Watu 30, buku moja kila wiki, mwaka mzima ni milioni moja na laki tano na sitini elfu. Mtoto akilazwa usiku, mwenyekiti anapigiwa simu, laki inatoka bila riba, inarudi taratibu. Kikundi kikiupa huo mfuko masharti mazuri, nani anaidhinisha, kwa muda gani, ikirudi vipi, yule wa kwenye nguzo anakosa biashara kwa watu 30 kwa mpigo.

Ile mikopo ya makampuni ya vikundi vya watu watano watano ni kitu kingine, usichanganye na kikoba eti kwa sababu wote wanakaa kwenye duara. Hapa hela ni ya kampuni, riba inaenda kwa kampuni, kilicho cha mtaa ni dhamana tu. Mwenzenu mmoja hajaja siku ya marejesho, afisa mikopo anakaa pale na begi lake, anasema hakuna anayeondoka mpaka hela itimie. Saa tano inafika, saa saba, wenye genge nyanya zinaungua na jua, mwisho mnachangishana kumziba mwenzenu, alafu jioni mnaenda kwake mkiwa na hasira na ndo mambo ya kubeba vyombo yanaanzia hapo. Kampuni haijamgusa mtu. Nyie majirani ndo mmegeuzwa wakusanya madeni bila mshahara, na undugu wa miaka kumi unaishia kwenye godoro la inchi sita. Sisemi wote ni wabaya, kuna wanaotoa wiki za neema na wanaoelewa msiba, lakini ukiingia ingia na watu ambao uko tayari kuwalipia. Usikubali kuunganishwa na watu wanne usiowajua ili mradi idadi itimie.

SACCOS ndo zenye bei nzuri kuliko wote na ndo zinazoniudhi kuliko wote. Kenya wenzetu SACCO ni kitu kikubwa, asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio linalopungua ni kawaida, mtu anakopa mara tatu ya akiba yake anajengea nyumba. Huku kwetu za wafanyakazi zinajitahidi, makato yanatoka kwenye mshahara, na ile kanuni kwamba mtumishi lazima abakiwe na angalau theluthi ya mshahara inasaidia kumzuia asijimalize. Lakini SACCOS za mitaa, hizi za masoko na kata, mtu unajiunga unaambiwa usubiri miezi kadhaa ndo ukope, sawa, hiyo naielewa. Unajaza fomu, wadhamini watatu, kamati ya mikopo inakaa mara moja kwa mwezi, mwezi huu akidi haikutimia kwa sababu mjumbe mmoja kasafiri, njoo mwezi ujao. Riba ni 1.5 sawa, ila mkopo utaupata miezi miwili ijayo, wakati mtoto anafukuzwa ada leo. Nyingi kwenye masharti yao zina mkopo wa dharura, umeandikwa kabisa, ila dharura nayo inasubiri kamati! Watu watatu wa kamati wangepewa mamlaka ya kuidhinisha laki mbili kwa simu kwa mwanachama ambaye akiba yake inazidi hiyo laki mbili, hatari iko wapi? Hela ni yake. Badala yake mwanachama mwenye akiba ya laki nane SACCOS anaenda kukopa laki kwa kausha damu, na hii sio hadithi ya kutunga, ulizia soko lolote.

Upatu nauweka hapa kwa sababu watu hawauhesabu kama mkopo. Watu kumi, elfu ishirini kila wiki, kijumbe anakusanya, kila wiki mmoja anapokea laki mbili. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba, anayepokea wa mwisho ameweka akiba. Kwa Waislamu wanaokwepa riba, na pwani na Zanzibar ni wengi, huu ni mkopo safi kabisa. Kijumbe mzuri anajua nani ana ada Januari anampa namba ya mwanzo, na ukipata shida anaomba mtu mkabadilishane namba. Udhaifu wake ni huyo huyo kijumbe, akifa au akitoroka hakuna karatasi. Na usiuchanganye na ule "upatu" wa kuahidiwa hela kuzaa hela, ile ya DECI ya 2009 ambayo watu waliuza mpaka mashamba wakaweke hela zao huko. Kwenye upatu halisi unapokea kile kile ulichochanga, ukiona unaahidiwa zaidi ya hapo ondoka.

Ile mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba kabisa. Ilisimamishwa 2023 baada ya hela nyingi kupotea kwenye vikundi hewa na vilivyogoma kurejesha, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Ni nzuri kama kikundi chenu kina mradi wa kweli na subira. Kwa shida binafsi haikuhusu, na ukiiombea mradi wa kuku alafu ukalipia kodi ya nyumba unajitafutia kesi.

Mikopo ya simu naipita haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha mtandaoni ambazo hazina leseni, ndo zile ukichelewa siku mbili zinatuma meseji kwa mkwe wako na bosi wako kwamba wewe ni tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda kwenye hilo na Tume yake inapokea malalamiko, ila aibu ikishasambaa malalamiko hayairudishi. Programu inayotaka ruhusa ya kusoma namba zote za kwenye simu yako haitaki kujua kama utalipa, inatafuta pa kukubania. Na kuna wale wa Facebook na WhatsApp, mkopo milioni tano bila dhamana, tuma kwanza elfu thelathini ya bima. Mkopeshaji wa kweli akiwa na makato anayakata kwenye mkopo, hakwambii utume kwa namba ya mtu binafsi. Hao sio wakopeshaji, ni wezi wa kawaida.

Na kadi ya benki, walimu na manesi mnanielewa. Mtu anamwachia mkopeshaji kadi pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia jamaa anatoa mwenyewe, anampigia mwalimu "njoo uchukue chenji yako". Hapo sio mkopo tena, umempangisha mtu mshahara wako, na hakuna kesi utakayoshinda kirahisi maana namba ya siri ulimpa mwenyewe. Hata shida iwe kubwa namna gani hicho kitu usikitoe.

Kwenye haya yote mimi nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko riba, nacho ni kwamba nikichelewa nini kinatokea. Kwenye kulipa kwa wakati wakopeshaji wote ni waungwana, hata kausha damu anakuita mama na kukuachia salamu za watoto. Tofauti inaonekana siku hela haipo. Wa haki ana jibu limeandikwa kabla hujasaini, siku kadhaa za neema, faini ina kikomo, baada ya hapo unaitwa mnapanga upya. Mwingine anakwambia "tutaelewana tu". Hakuna kuelewana. Mkataba usome mpaka nyuma, kama umeandikwa Kiingereza omba usomewe Kiswahili mbele ya shahidi wako sio wake, na uondoke na nakala siku ile ile, maana mkataba uliobaki kwake peke yake unaweza kuota vipengele. Dhamana iandikwe kwa jina na thamani, televisheni inchi 32 ya laki tatu, sio "vitu vya ndani". Na kila rejesho lipate sahihi au meseji, hata kama jamaa ni rafiki yako wa tangu shule ya msingi.

Vikoba vingi vinavunjwa Desemba na vinaanza upya Januari, kwahiyo kama huna kundi huo ndo muda wa kutafuta, hata kama saivi huna shida yoyote, tena hasa kama huna. Wakikukaribisha kikao cha kwanza usiulize gawio la mwaka jana lilikuwa shilingi ngapi, hilo watakwambia wenyewe hata hujakaa. Omba katiba uisome, uliza hela inalala wapi, alafu uliza mwaka jana nani alishindwa kulipa na mlimfanyaje. Wakikutajia kwamba dada fulani aliuguliwa, wakamsogezea miezi miwili, hisa zake zikafidia kiasi na sasa amerudi, kaa, nunua hisa. Wakianza kucheka na kugongeana mikono wakihadithia walivyobeba godoro la mtu saa moja asubuhi na watoto wamelala juu, maliza chai yako, aga vizuri, katafute kundi lingine.